Mwenye Mzigo Apishwe

Limezuka neno katika vijiji vyetu vya Usambara ya Magharibi, nalo hurudiwa kila mkutano wa hadhara unapoitishwa: baiskeli zipigwe marufuku katika njia za msituni. Wanaolisema si watu wabaya. Baadhi yao ni wazee ninaowaheshimu, na wengine niliwafundisha kusoma. Lakini neno lenyewe ni baya, na kwa kuwa mkutanoni mtu hupewa dakika mbili kisha akakatizwa na anayetaka kuzungumzia bomba la maji, nimeona niliseme hapa, mahali ambapo hakuna mwenyekiti wa kunigongea meza.

Mimi mwenyewe naendesha baiskeli. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimemficha. Nimeendesha katika milima hii kwa zaidi ya miaka arobaini, kwanza kwa sababu shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na nyumbani, na baada ya kustaafu kwa sababu napenda. Napenda kuondoka Lushoto asubuhi ukungu ukiwa haujainuka, kupanda polepole kuelekea Magamba kwa gia ndogo kabisa, halafu kuiacha barabara na kuingia kijia chembamba ambamo miti imefunga juu na sauti ya magari inakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Mbega huko juu wananiona kabla sijawaona. Sioni haya kusema kwamba ni furaha, na mtu akiniuliza faida yake kiuchumi sitamjibu.

Hata hivyo sikuandika haya kutetea furaha ya mzee mmoja. Nina ugomvi na pande mbili: wanaotaka kutufukuza, na wale wenzangu wa baiskeli wanaofanya kila jitihada ili tufukuzwe.

Kwanza tuelewane njia ya msituni ni kitu gani. Wengi huiona kama barabara iliyokosa fedha. La hasha! Njia hii haikuchorwa na mhandisi. Imechorwa na nyayo za watu waliokuwa na haja: kwenda sokoni Soni au Mlalo, kutafuta dawa, kupeleka mahari, kumrudisha maiti kwao. Na mguu una akili yake. Ukikuta jiwe kubwa huzunguka, ukikuta chemchemi hupita juu yake, ukikuta mteremko mkali hukata mshazari. Ndiyo maana utaona njia za mababu bado zipo na zinapitika, ilhali barabara ya lami kutoka Mombo, iliyochongwa ubavuni mwa mlima na kugharimiwa na serikali zote zilizopata kututawala, mara kwa mara hutupiwa udongo na mawe wakati wa masika.

Katika njia ya namna hiyo mizizi imetandaa kama ngazi. Ukiukanyaga mzizi uliolowa huku gurudumu limekaa upande, utajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni vumbi na ukilowa ni sabuni. Huwezi kuangalia gurudumu la mbele. Lazima uangalie hatua sita au saba mbele yako na kuliacha gurudumu lifuate jicho. Mahali pa mawe unainuka kidogo kwenye kiti, unalegeza viwiko, unaiacha baiskeli icheze chini yako kama punda anayejua njia. Na mara nyingi unashuka, unaibeba begani, unaendelea. Kijana aliyewahi kupita humo kwa baiskeli hujifunza kuchagua, siyo kukimbia. Hili nitalirudia, maana ndipo ugomvi ulipo.

Sasa nije kwenye mashitaka. La kwanza ni kwamba baiskeli zinachimba njia na kuleta mmomonyoko. Shitaka hili linapendwa sana kwa sababu lina sura ya kitaalamu, na katika milima hii neno mmomonyoko lina uzito wake. Basi na tulipime. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Wilson na Seney, walichapisha matokeo ya majaribio yao katika njia za milima ya Montana. Walipitisha watu wa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli juu ya vipande vya njia, wakavinyeshea mvua ya bandia, kisha wakapima udongo uliochukuliwa na maji. Kwato za farasi na miguu ya binadamu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, na tofauti ilionekana zaidi njia ilipokuwa imelowa. Mwaka 2001 Thurston na Reader wakachapisha yao kutoka Ontario, Kanada: walipitisha waendao kwa miguu na waendao kwa baiskeli hadi mara 500 katika msitu usiokuwa na njia, na madhara ya hawa na ya wale hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Sisemi Montana ni Magamba. Udongo wetu ni wetu na masika yetu ni yetu. Lakini anayetaka kuniambia kwamba gurudumu ndilo mchimbaji anilete vipimo vyake, na asipokuwa navyo achukue jembe tufuatane. Nitamwonyesha mahali ambapo njia imekuwa korongo la kina cha kiuno, na tairi la baiskeli halijapita hapo hata siku moja kwa kuwa hapapitiki. Kinachochimba ni maji. Njia ikishuka wima, maji huifanya mfereji wake. Yakishafanya hivyo, watu huikimbia na kukanyaga pembeni, na pembeni nako hugeuka mfereji wa pili. Dawa yake inajulikana na kila mkulima wa hapa: unalaza kigogo au mawe mshazari, maji yanatoka nje ya njia yakiwa bado machache, kabla hayajapata nguvu. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, ulitufundisha kupanda majani ya Guatemala kwa kufuata kontua, na hoja ilikuwa hiyohiyo, kwamba maji yavunjwe mwendo.

Kitu kimoja nakikubali bila kubishana. Gurudumu lililofungwa kwa breki, likaburuzwa bila kuzunguka, linalima. Anayeshuka kwa namna hiyo anaacha mfereji mwembamba ambao mvua ya usiku itaukuza. Na anayepita siku ya mvua kubwa, au akakata kona ili kuokoa sekunde tatu, anafungua mlango kwa maji. Lakini hayo ni makosa ya mwendeshaji, nayo yanaonekana, na yanaweza kukatazwa kwa majina yake. Hatukupiga ng'ombe marufuku Usambara kwa sababu ng'ombe wa mtu fulani aliachiwa mtaroni.

Na tukumbuke pia amri zilivyokwisha kutufanyia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Mwingereza ilileta mpango wake wa kuokoa udongo wa Usambara, ukaanzia bonde la Mlalo. Watu wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko. Asiyelima akatozwa faini. Nia ilikuwa njema, na wataalamu walikuwa na ramani. Lakini hawakuwauliza wenye majembe, ambao wengi wao walikuwa wanawake, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango wote ulikuwa umekufa. Kilichobaki ni chuki ya neno matuta. Ninaposikia mtu mkutanoni akisema "tupitishe amri tu, tumalize," namkumbuka yule bwana shamba wa kikoloni, ingawa msemaji ni mjukuu wa watu waliomkataa.

Shitaka la pili ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Hili halinichukulii muda. Ni kweli kwamba baiskeli ya milimani, kama inavyouzwa leo na springi zake na tairi zake nene, haikubuniwa hapa. Mchezo wenyewe ulianzia katika miaka ya 1970 kwenye mlima Tamalpais, katika wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco. Vijana akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, wakizisukuma hadi juu na kushuka nazo. Mwaka 1976 wakaanza kushindana kwenye mteremko mmoja mkali. Breki ilipata moto hadi grisi ndani ya habu ikageuka moshi, na wakifika chini ilibidi kufungua na kupaka grisi nyingine. Ndipo mteremko ule ukaitwa Repack.

Msomaji wa Lushoto hapa atacheka. Nani kati yetu hajamwona kijana akishuka kuelekea Soni na magunia mawili ya kabichi kwenye keria ya Phoenix, gurudumu la nyuma akilibana kwa kandambili kwa kuwa raba za breki zilikwisha mwaka juzi? Wale wa Marin walifanya kwa burudani yale ambayo baba zetu waliyafanya kwa riziki, na chombo kilikuwa kilekile, chuma kizito kisicho na gia. Kule Kivu, upande wa Goma, Wakongo hubeba makaa na viazi kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na hata kanyagio, na mwaka 2009 walimjengea sanamu mwenye chukudu katikati ya mji. Gurudumu katika njia ya mlimani si la mgeni. Mgeni ni bei ya baiskeli hizi mpya, na hilo ni suala jingine.

Sasa shitaka la tatu, kwamba baiskeli ni hatari kwa watu waendao kwa miguu. Hapa naacha kuwa wakili wa waendesha baiskeli.

Nilikuwa napanda siku moja katika kijia kilicho juu ya kijiji ambacho sitakitaja, nikiikokota baiskeli kwa kuwa mwinuko ulikuwa mkali. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo, mzigo wa kuni kichwani, mrefu kuliko yeye mwenyewe, shingo imenyooka kama mlingoti. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo haangalii juu. Anaangalia hatua inayofuata. Kutoka juu akaja mwendesha baiskeli, kofia ya plastiki kichwani na miwani usoni, akapiga kelele neno ambalo mama hakulielewa, akapita. Hakumgonga. Mama alirukia kando, akaanguka kwenye mauwa ya porini na kuni zikamwagika bondeni. Tulizikusanya pamoja zile zilizofikika. Alipokuwa akiifunga upya ngata yake nilimpa pole, na kumwuliza kama ameumia.

"Mwalimu," akasema, "kuni zitaokotwa. Ila yule hakusimama."

Sijali aliyeshuka alikuwa mgeni au mwenyeji, alikuwa analipa au analipwa. Najua alivyofika pale juu: alipandishwa na gari. Siku hizi ndiyo biashara. Baiskeli kumi nyuma ya pikapu, watu kumi kwenye viti, wanapelekwa kileleni, wanashushwa, wanaambiwa msitu ni wao mpaka chini. Mtu aliyepanda mlima kwa miguu yake mwenyewe amekwisha kukutana na kila aliyemo njiani. Amemsalimu mama wa kuni, amewapisha watoto wa shule, amejua kona ya chemchemi ina watu wanaochota maji saa nne. Akishuka anashuka kati ya watu anaowajua. Aliyepandishwa kwa gari anashuka katika msitu ambao kichwani mwake hauna mtu, na kila anayemkuta ni kizuizi. Mtu akinipa mamlaka ya siku moja, nitaacha baiskeli na kupiga marufuku pikapu.

Wenzangu wa baiskeli wasinune. Wasome yaliyowapata Marin. Walipokuwa wachache hakuna aliyejali. Walipokuwa wengi, wakishuka kwa kasi kati ya wapanda farasi na wazee wenye fimbo, malalamiko yalijaa, na njia nyembamba nyingi za mlima uleule uliouzaa mchezo zikafungiwa baiskeli kwa miongo kadhaa. Hata kwenye barabara pana za zimamoto waliwekewa kikomo cha maili 15 kwa saa. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaweka wazi kwamba baiskeli haziruhusiwi kabisa katika misitu yake iliyotengwa kuwa nyika. Kinyume chake Uingereza ilitunga sheria mwaka 1968, kabla hata mchezo haujazaliwa, ikiruhusu baiskeli katika njia za farasi kwa sharti moja: mwenye baiskeli awapishe waendao kwa miguu na walio juu ya farasi. Sharti ni sentensi moja tu. Na Scotland mwaka 2003 ikampa kila mtu haki ya kupita mashambani na msituni, wa miguu na wa baiskeli, ilimradi haki hiyo aitumie kwa uwajibikaji. Milima yao inateleza kuliko yetu, nadhani, na bado hawajaangamia.

Kabla sijafika kwenye ninachokitaka, kuna kundi jingine ambalo halijitokezi mkutanoni ila lina fedha, nalo ni la wanaotaka kutusaidia. Wanasema njia ipanuliwe, mizizi ikatwe, mawe yatolewe, mwinuko ulainishwe, ili wageni wengi zaidi waje na asiwepo wa kuumia. Nawaomba wakae na fedha zao. Mizizi ile na mawe yale ndiyo yanayomzuia mtu kukimbia. Ukiitengeneza njia iwe laini umeongeza mwendo, na ukiongeza mwendo umemwongezea mama wa kuni hatari huku ukidai kumsaidia. Zaidi ya hayo, njia ya upana wa meta mbili haipiti baiskeli peke yake. Itapita bodaboda. Na bodaboda ikiweza kuingia mpaka kwenye mikulo, kitakachotoka nyuma yake ni mbao. Tumeshaona misitu mingine ikiliwa hivyo, mchana chenso ikilia ndani na usiku pikipiki zikishuka bila taa. Kijia chembamba chenye mizizi hulinda msitu kuliko bango la onyo.

Na hapa ndipo wapiga marufuku wanaponishangaza zaidi. Wanataka kumwondoa msituni mtu anayepita kimya, anayeona, asiyeweza kubeba hata ubao mmoja. Mara mbili nimeshuka kwenda kutoa taarifa kwa mtendaji kwamba kuna kisiki kibichi mahali fulani. Asiyefika huko hawezi kukiona. Msitu usiopitwa na watu wema haubaki mtupu, wengine wataupita.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kujiwekea kanuni za kuutunza, na katika misitu ya serikali inaruhusu usimamizi wa pamoja kwa mapatano. Tunayo kalamu, basi. Mimi nitapeleka mkutanoni kanuni badala ya marufuku, na nitaomba ziandikwe kwa Kiswahili na Kishambaa na kubandikwa pale njia inapoanzia. Anayeshuka asimame, siyo apunguze mwendo, asimame na kuweka mguu chini, kila akutanapo na mtu mwenye mzigo, mtoto, au mnyama, na asiondoke mpaka wamepita. Siku ya mvua kubwa na siku inayofuata njia za mteremko zifungwe kwa magurudumu yote. Gari lisipandishe baiskeli kwa ajili ya kushuka msituni. Vijana wanaoongoza wageni, ambao ndio wanaopata fedha, watoe siku moja kila mwezi kulaza vigogo vya kukinga maji, na mimi nitakuwapo na jembe langu maadamu mgongo unaniruhusu. Atakayevunja, baiskeli yake ilale ofisi ya kijiji mpaka alipe faini, na faini iende kwenye njia, isiende kwenye chai ya wajumbe.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba kanuni hazifuatwi, marufuku ni rahisi zaidi. Marufuku ni rahisi kuandika. Nani atakayekaa kwenye kona ya chemchemi kutwa nzima akimngoja mwenye baiskeli ili amkataze? Kanuni ya kusimama ina walinzi wengi, maana kila mwanamke mwenye kuni ataijua, na akikutana na asiyesimama atajua kwamba amekosewa yeye, kwa jina lake, na atasema. Yule mama alijua kosa lilikuwa wapi hata kabla ya kanuni yoyote kuandikwa. Hakulalamikia magurudumu.

Nitaomba pia kengele. Baiskeli za Phoenix zilikuja nazo kwenye usukani, na ilikuwa ikisikika kona mbili mbele. Hizi mpya za bei ya ng'ombe wanne zinauzwa bila kengele. Fundi wa pale sokoni Lushoto anaifunga kwa skrubu moja, na nimekwisha kumwuliza kama anaweza kuagiza mia.